Rangi ya Ngozi Si Mizani ya Utu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeziumba rangi na ndimi mbali mbali, akazifanya kuwa ni katika dalili za uweza wake. Amma baada ya haya.

Katika darsa yetu ya baada ya Isha aliinuka kijana mmoja akauliza: mtu akipenda kuoa mke mweupe kuliko mweusi, ana makosa gani? Je, moyo nao huhukumiwa kwa unachokipenda? Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Sisi hatukucheka, kwani tuliona kuwa swali ni kubwa, na kuwa jawabu lake halitoshi kutolewa kwa neno moja. Kwa hivyo tumeona tulijibu katika karatasi hizi, na mfano tutakaoutumia ni wa Bara Hindi.

Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, khabari zake katika jambo hili ziko wazi, zimeandikwa na kukemewa na wenyewe wenye nchi. Ya pili, Wahindi si wageni kwetu: twakaa nao mtaa mmoja, twanunua madukani mwao, na wengi wao twasimama nao safu moja mbele ya Mola wetu. Wala asidhani mtu kwamba twaandika haya ili kuwatukana. Mwenye kutaja aibu ya jirani yake na ya kwake akaificha, huyo hakutengeneza, bali amesengenya. Kwetu tutakuja, in sha Allah, kabla ya kuiweka kalamu chini.

Katika Bara Hindi mtu mweupe huitwa gora, na mweusi huitwa kala. Na baina ya wawili hao pana daraja nyingi, kila moja na jina lake. Ukizitazama ilani za ndoa zilizokuwa zikichapishwa katika magazeti ya huko miaka nenda miaka rudi, utaona wazee wa mume wakitaja elimu na kazi ya mtoto wao, kisha wakitaka msichana mweupe. Na wazee wa msichana asiyekuwa mweupe wakiandika kuwa ana rangi ya ngano, kwa kuliogopa neno la kweli. Hata mwaka 2020, Shaadi.com, ambayo ni njia kubwa ya watu kutafutiana wachumba kwa intaneti, ilikuwa ingali ikiwapa watu nafasi ya kuchagua kwa rangi ya ngozi. Ikaiondoa mwezi wa Juni mwaka huo, baada ya watu kutia sahihi zao kulalamika.

Wala jambo hili halimwachi mwenye cheo. Mwezi wa Machi 2025, Bi Sarada Muraleedharan, aliyekuwa katibu mkuu wa serikali ya jimbo la Kerala, yaani mkubwa wa watumishi wote wa serikali hiyo, alieleza hadharani kwamba mtu mmoja aliulinganisha utumishi wake na wa aliyemtangulia katika cheo hicho, ambaye ni mumewe. Akasema kuwa wa mke ni mweusi kama ule wa mume ulivyokuwa mweupe. Kisha mama huyo akakumbuka kwamba alipokuwa mtoto wa miaka minne alimwuliza mama yake kama yawezekana kumrudisha tumboni akamzaa tena, mweupe na mzuri.

Tafadhali msomaji, simama hapa kidogo. Mtoto wa miaka minne hajui hesabu, hajui mali, hajui uchumba wala ndoa. Lakini amekwisha jua kwamba ngozi aliyoumbwa nayo ni kosa, na kwamba kosa hilo lataka kuzaliwa upya. Nani aliyemfundisha? Hakufundishwa na mwalimu wa chuo. Amefundishwa na sebule na jiko, na wageni waliokuja kutazama mtoto wakauliza rangi yake kabla ya kuuliza afya yake. Likumbuke jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa jawabu letu.

Ama asili ya mambo haya, watu wamekhitalifiana. Wako wanaowatupia Waingereza lawama yote, na wako wanaosema kuwa ni maradhi ya tangu na tangu. Ukweli ni kwamba wengi wameshiriki, kila mmoja kwa fungu lake. Neno la Kisanskriti linalotumika kwa zile tabaka nne za Kihindu ni varna, na maana yake moja ni rangi. Ingawa wataalamu wanabishana kama ilikusudiwa rangi ya ngozi au alama tu ya kupambanua watu. Tena, kama ilivyo katika nchi nyingi, aliyelima juani alikuwa mweusi zaidi kuliko tajiri aliyekaa kivulini, na weusi ukawa ni kama muhuri wa ufakiri. Kisha wakaja watawala wa Kituruki, na wa Kiajemi, na wa Kimughal kutoka kaskazini. Na mwisho wakaja Waingereza, ambao katika mji wa Madras walijenga ngome yao wakaugawa mji: mtaa wa Wazungu ukiitwa Mji Mweupe, na mtaa wa wenyeji ukiitwa Mji Mweusi. Na katika hesabu ya watu ya mwaka 1901 mkubwa wa kazi hiyo, Herbert Risley, alifikia hata kutaka daraja za watu zijulikane kwa vipimo vya pua zao!

Watu walioona hayo kwa karne nyingi, wakiona kila mara nguvu iko upande wa weupe, wakadhani kuwa weupe wenyewe ndio nguvu. Hili ni kosa la akili kabla ya kuwa ni kosa la tabia. Na ajabu ni kwamba mila yao wenyewe yawakatalia. Krishna, wanayemtukuza Mabaniani katika mahekalu yao, jina lake maana yake ni mweusi. Basi vipi jina hilo liwe tukufu hekaluni, na rangi hiyo hiyo iwe ni aibu barazani wakati wa kuposa?

Elimu ya leo nayo yawakatalia. Madaktari wametujulisha kwamba chembe zinazotengeneza rangi katika ngozi, idadi yake ni karibu sawa kwa watu wote, mweusi na mweupe. Tafauti ni wingi na namna ya rangi inayotengenezwa, na rangi hiyo ni kinga ya mwili juu ya ukali wa jua. Na katika Bara Hindi, hata ndugu wa tumbo moja huonekana mmoja mweupe na mmoja mweusi. Haya si mageni kwetu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, alikuja bedui kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akishitaki kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza juu ya ngamia wake wekundu, kama hawazaliki miongoni mwao wenye rangi ya kijivu. Bedui akakubali kuwa wamo, akasema labda ni mshipa wa asili uliovuta. Mtume akamwambia kuwa huenda mtoto wake naye amevutwa na mshipa. Basi rangi haithubutishi zina wala haivunji nasaba. Seuze kupima akili na utu.

Wala Waislamu wa Bara Hindi hawakusalimika. Nao waligawana kwa asili, waliodai kizazi cha Arabuni na Uajemi na Uturuki wakajiita ashraf, na waliosilimu katika wenyeji wakaitwa ajlaf. Na mara nyingi uso mweupe ukachukuliwa kuwa ni ushahidi wa nasaba bora. Lakini tarikhi yao wenyewe ina jawabu. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi kiasi cha mwaka 1548, akauzwa utumwani, akafikishwa Dekani. Huko akapanda kwa akili yake na ushujaa wake hata akawa ndiye mwenye kuendesha dola ya Ahmadnagar. Majeshi ya Mughal, yaliyokuwa na nguvu kuliko yote katika nchi ile, aliyazuia miaka mingi. Mfalme Jahangir alikuwa akimtaja katika kitabu chake kwa kumtukana weusi wa uso. Na akachorewa picha akikipiga kwa mshale kichwa cha Malik Ambar kilichokatwa. Hakuwahi kukikata kichwa hicho isipokuwa katika picha! Malik Ambar alikufa mwaka 1626, hali yu huru na jeshi lake liko mkononi; na mwandishi wa tarikhi wa upande wa Mughal wenyewe akakiri kwamba katika vita na uongozi hakuwa na wa kulinganishwa naye. Tazama tafauti: ghadhabu ilipozungumza ilitaja rangi, uadilifu ulipozungumza ulitaja kazi.

Na huyo hakuwa peke yake. Msikiti wa Sidi Saiyyed katika mji wa Ahmedabad, ambao madirisha yake ya mawe yaliyochongwa kama matawi ya mti husafiriwa na watu ili kutazamwa, ulijengwa mwaka 1573 na Mhabeshi. Kisiwa cha Janjira kilitawaliwa na Masidi hata mwaka 1948. Na Masidi waliobaki katika Gujarat, ambao wengi wao asili yao ni watu wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa utumwani, wangali wakicheza ngoma wanayoiita goma. Neno hilo halihitaji mfasiri hapa kwetu. Lakini wajukuu wa mabwana hao wa ngome na misikiti leo huulizwa katika nchi yao wenyewe wametoka wapi.

Sasa tuyatazame madhara, kwani mti hujulikana kwa matunda yake.

La kwanza ni katika nyumba. Msichana mweusi hupitwa na wachumba, na pengine wazee wake huongezewa mzigo wa mahari, kwani kwa desturi ya wengi huko mali hutoka kwa mke kwenda kwa mume; ikawa weusi wa ngozi walipiwa fedha kama deni. Msichana huyo huenda akawa ni mwenye elimu na dini na upole, na yote hayo yakashindwa na kopo la poda.

La pili ni katika mwili. Mwaka 1975 ilianza kuuzwa huko krimu iliyoitwa Fair & Lovely, na matangazo yake kwa miaka mingi yalionyesha msichana aliyenyimwa kazi au mume, akajipaka, akang'aa, akapata vyote. Mwaka 2005 wafanya biashara wengine wakawatolea wanaume nao krimu ya kwao. Na pembeni ya biashara hizi kubwa pana vikopo visivyojulikana vilikotoka, ambavyo ndani yake huonekana zebaki, ambayo hudhuru mafigo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliagiza vipodozi vyenye zebaki vikome kufikia mwaka 2020. Na bado vyapatikana masokoni. Viko pia vyenye dawa kali za ngozi ambazo daktari huzitoa kwa kiasi na kwa muda. Mtu akizitumia kila siku ngozi yake huwa nyembamba, na ziko nyingine ambazo zikitumiwa sana huacha mabaka meusi yasiyotoka. Akikimbia weusi alioumbwa nao, akaangukia weusi aliojinunulia.

La tatu ni kwa mgeni. Mwezi wa Januari 2016 katika mji wa Bengaluru, mwanafunzi mmoja mwanamke wa Kitanzania alizungukwa na kundi la watu wakampiga na kumdhalilisha, na gari alimokuwamo likatiwa moto, kwa sababu muda mchache kabla yake Msudani mmoja asiyehusiana naye alikuwa amemgonga mwanamke kwa gari akafa. Wote wawili walikuwa weusi, na hilo likatosha kuwa ushahidi! Mwezi wa Machi 2017 wanafunzi wa Kinigeria walipigwa katika mji wa Greater Noida kwa tuhuma zisizothubutu. Na mwezi uliofuata mwanasiasa mmoja alipotaka kukanusha kuwa nchi yake ina ubaguzi alisema kwamba lau wangekuwa wabaguzi, wasingeishi pamoja na watu weusi wa kusini. Akaomba radhi baadaye. Lakini ulimi ulikwisha sema ni nani anayehesabiwa kuwa mwenye nyumba na ni nani mpangaji.

La nne, nalo twaliona ni zito kuliko yote, ni kwamba aliyedharauliwa hujifunza kudharau. Gandhi aliteremshwa katika gari la moshi huko Pietermaritzburg mwaka 1893 kwa sababu ya rangi yake. Na katika maandishi yake ya miaka ile ya mwanzo huko Afrika ya Kusini mna maneno ya kuwashusha Waafrika. Kwa uadilifu tuseme kwamba alibadilika baadaye. Lakini sanamu yake iliyowekwa katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2016 iliondolewa mwaka 2018 kwa ajili ya maneno hayo. Na hapa Kenya, Wahindi walizuiliwa na serikali ya kikoloni kumiliki mashamba ya nyanda za juu, na waraka wa serikali wa mwaka 1923 ukalithibitisha hilo, kwa kuwa wao si weupe. Je, wote waliouonja uchungu huo waliwaonea huruma waliokuwa chini yao? Wako walioona, Mungu awalipe. Wako ambao ngazi iliwauma kichwani na wao wakaikanyaga kwa miguu.

Sasa turudi kwa kijana wetu na swali lake. Tunasema: kupenda sura fulani kuliko nyingine peke yake si dhambi. Moyo una mielekeo yake, na sharia haikumlazimisha mtu kumwoa asiyempendeza. Lakini pana mambo matatu yanayochanganywa na haya, na kila moja lina hukumu yake.

Kwanza, mwelekeo si hoja. Mtu anaposema kuwa moyo wake ndivyo ulivyoumbwa, na ajiulize: umeumbwa hivyo, au umefundishwa? Lau kupenda weupe kungekuwa ni maumbile kama njaa na kiu, kusingehitajia matangazo. Hakuna anayelipa fedha kuwatangazia watu wapende maji. Kilichofundishwa chaweza kufundishwa vingine, na mtu ana dhima ya anavyoulea moyo wake kama alivyo na dhima ya anavyomlea mtoto wake.

Pili, kupenda si kudharau. Mwenye kusema "huyu amenipendeza" hakumdhulumu mtu. Mwenye kusema "yule ni mweusi, hafai" amepima kiumbe kwa mizani ambayo Muumba hakuiweka. Iblis ndiye wa kwanza kujiona bora kwa alichoumbwa nacho, aliposema kuwa yeye ni wa moto na Adamu ni wa udongo. Na twajua hoja hiyo ilimfikisha wapi.

Tatu, linalofanywa na mmoja laweza kuwa ni hiari, na likifanywa na wote likawa ni dhulma. Mtu mmoja akichagua mweupe hakuna aliyepotewa na kitu. Mji mzima ukichagua hivyo, pana mabinti wanaozeeka majumbani kwa hatia isiyokuwa yao. Kwa hivyo asitosheke mtu kusema "mimi nimechagua langu"; na atazame analiongezea nguvu jambo gani. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameyahesabu mambo ya kufu katika ndoa: dini, nasaba, uhuru, kazi, na kusalimika na aibu zijulikanazo. Rangi haimo. Basi nani aliyeiongeza? Na Mtume katika khutba yake ya kuaga alikwisha bainisha kwamba mwekundu hamzidi mweusi wala mweusi hamzidi mwekundu ila kwa ucha Mungu.

Na sisi je? Tuliahidi kuja kwetu. Mtoto akizaliwa katika mitaa yetu, neno la kwanza la wanaokuja kutoa mkono wa heri si mara nyingi kuwa ni "mweupe, mashallah"? Na akiwa mweusi husemwa "lakini ana pua nzuri", kama wanaomwombea msamaha! Bibi harusi hatiwi krimu wiki kadhaa kabla ya siku yake, hata uso ukawa wa mtu mmoja na mikono ya mtu mwengine? Na hao wenye maduka wanaoviuza vikopo hivyo si katika sisi, wanaokimbilia msikitini wakisikia adhana? Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Twaukariri msemo huu, kisha twanunua mkakasi.

Wenzetu wa Bara Hindi wameanza kuamka, na haki yao tuwape. Mwaka 2009 wanawake wa huko walianzisha mwito wa kuwa weusi nao ni uzuri, na mwaka 2013 mchezaji wa filamu Nandita Das akaupa mwito huo uso wake na sauti yake. Mwaka 2014 baraza la watangazaji wenyewe likatoa kanuni za kukataza matangazo yanayomwonyesha mweusi kuwa ni duni. Mwaka 2020 ile krimu ya Fair & Lovely ikabadilishwa jina ikawa Glow & Lovely. Lakini kubadilisha jina la kopo si kubadilisha kilichomo ndani yake, wala kilichomo katika moyo wa mnunuzi.

Kwa hivyo nasaha yetu ni hii. Wazazi, msiitaje rangi ya mtoto mbele yake kwa kusifu wala kwa kulaumu. Kina mama mnaotumwa kutazama wachumba, ulizeni dini na tabia, mkirudi yasemeni hayo kwanza. Wenye maduka, jueni kuwa faida ya kitu kinachomdhuru mnunuzi si halali. Na wewe kijana uliyeuliza, hatukukatazi kupenda. Twakuomba tu kwamba siku utakapokwenda kuposa, uwe umekwisha uuliza moyo wako ni nani aliyeufundisha. Na Mungu akikuruzuku binti mweusi, asije akakuuliza siku moja kama yawezekana azaliwe tena.

Wallahu aalam.